Ng'ombe wa Mzee Mwandu Walivyobadilishwa Jina Ndani ya Server Yangu

Ijumaa moja, saa tisa na dakika thelathini na mbili alasiri, ng'ombe kumi na mmoja walibadilisha mmiliki.

Hawakuuzwa. Hawakuibwa. Walikuwa wanakula majani yao kule kijijini Sapiwi, hawana habari.

Mimi nilikuwa Bariadi mjini, chumba cha pili kutoka kwenye server iliyofanya hivyo. Nakunywa chai.

Naitwa Sia. Kwetu ni Moshi, kazi imenileta Simiyu, mwaka wa nne sasa. Kituo chetu ni cha binafsi, kinafundisha vijana kompyuta na kinatunza daftari la mifugo la wafugaji. Kila ng'ombe ana hereni yenye namba sikioni. Mnadani wanaielekezea simu, jina la mwenye ng'ombe linatokea.

Kesho yake, Jumamosi, mzee Mwandu akapeleka ng'ombe wake mnadani.

Simu ikasoma. Jina likatokea: Bujiku.

Bujiku ni jirani yake. Wamegombania lambo la kunyweshea miaka na miaka. Na siku hiyo alikuwepo palepale.

"Mfumo umesema," Bujiku akajibu walipomuuliza. "Mimi niongeze nini?"

Mtu mmoja akatamka neno "mwizi". Aisee, neno hilo mnadani ni kiberiti. Polisi walifika mzee ameshavunjwa mkono. Akalazwa hospitali chini ya ulinzi. Ng'ombe wakaswagwa kwa Bujiku.

Jumatatu mke wake, Klementina, akaja ofisini na binti yao Kabula. Kabula ni mwanafunzi wetu wa mitandao, kichwa kwelikweli. Mama akaongea Kisukuma, binti akatafsiri.

"Madam, mama anauliza, hiyo kompyuta haiwezi kukosea?"

"Mwambie haikosei. Nimeangalia, hakuna mtu aliyeingia kwenye daftari."

Kabula akatafsiri, sauti inatetemeka. Nikajua ni uchungu wa baba yake.

Polisi wakataka barua. Nikaandika kwamba daftari ni sahihi. Nikagonga muhuri.

Jumatano mama akarudi peke yake. Akasimama mlangoni.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia. Halafu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akaanza kunitajia ng'ombe mmoja mmoja.

"Huyu madoadoa, mama yake alikufa kiangazi. Huyu mweupe, mimi nilimvuta tumboni, mikono hii."

Wote kumi na mmoja. Hakulia. Alipomaliza akaondoka.

Sikuweza kufanya kazi nyingine. Nikafungua tena historia ya daftari, safari hii mstari kwa mstari.

Mabadiliko ya Ijumaa yalikuwepo. Ila pale panapoandikwa jina la aliyebadilisha, palikuwa patupu.

Nikampigia Ladislaus, niliyesoma naye chuo, sasa anafanya usalama wa mifumo Mwanza.

"Ladis, mtu amebadilisha daftari bila kuingia."

"Kwenye hiyo server kuna nini kingine?"

"Mashine pepe mbili. Moja ya daftari, moja ya wanafunzi." Mashine pepe ni kompyuta ya kuigiza, inayoishi ndani ya kompyuta halisi.

"Wanafunzi wanafanya nini humo?"

"Wanajifunza kuunda mashine pepe zao. Niliwawashia ile ya mashine kuzaa mashine ndani yake."

"Sia, na ile programu ya chini, inayozitenganisha zote, umeisasisha lini?"

Sikuwa nimeisasisha kwa miezi minane. Kuisasisha kunataka kuzima server, na msimu wa kusajili mifugo nisingethubutu. Niliahirisha tu.

"Sikiliza," akasema. "Ukiwasha kitu hicho unaipa programu ya chini kazi nyingi zaidi ya kulinda. Ikiwa na tundu, mtu aliye kwenye mashine ya ndani kabisa anatoboa mpaka chini. Akifika chini, daftari lako anaandika humo moja kwa moja. Haingii mlangoni, anatokea sakafuni. Angalia kumbukumbu za chini, siyo za daftari."

Nikaangalia. Ijumaa, saa tisa na nusu, mashine moja ya mazoezi ilileta vurugu. Nikatafuta ni ya nani.

Kabula.

Nikamwita. Nilikuwa nimejaa hasira.

"Umemvunja baba yako mkono!"

Akakaa chini sakafuni, kanga mdomoni.

"Nilitaka kupiga picha ya skrini tu madam, nikuoneshe kwamba inawezekana, halafu nirudishe. Nilichukua ng'ombe wetu ili nisimwonee mtu. Jina la Bujiku ndilo lilifuata kwenye orodha. Saa kumi ikafika, mashine zetu zikajifuta, sikuweza kurudi tena. Sikujua kama baba anaenda mnadani."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akainua uso.

"Nilikuandikia, madam. Kabla. Baada ya hapo niliogopa."

Nikafungua barua pepe. Ilikuwepo, ya siku kumi na tisa nyuma: *Madam, nikiwa mazoezini naona vitu vya nje ya mashine yangu. Naomba uje uangalie.*

Chini yake kulikuwa na jibu langu: *Sawa, endelea na mazoezi.*

Nilichoka.

Siku hiyohiyo nikazima server mchana kweupe, nikaisasisha, nikafunga ile ya mashine kuzaa mashine. Wanafunzi nikawahamishia kwenye kompyuta yao, mtandao wao mbali na daftari. Kisha nikaandika barua ya pili polisi, kwamba daftari halikuwa sahihi, nikaambatanisha na jibu langu lile.

Mzee aliachiwa. Ng'ombe kumi walirudi. Mmoja Bujiku alishamchinja. Mkono haukunyooka.

Kabula amesimamishwa masomo, suala lake bado liko polisi. Mimi nimepewa onyo la maandishi, nimebaki na kiti changu. Hilo linanikosesha amani kuliko onyo lenyewe.

Nilikwenda Sapiwi kuomba radhi. Mzee Mwandu alinisikiliza mpaka mwisho, mkono umefungwa shingoni.

"Binti yangu alikwambia mapema?"

"Aliniambia, baba."

"Ukafanya nini?"

Nikamsomea jibu langu kama lilivyo: sawa, endelea na mazoezi.

Ndugu yangu unayetunza mifumo, usiweke watu wanaojifunza na kumbukumbu za watu kwenye server moja. Usiwashe usichokihitaji. Sasisha, hata kama bosi atanuna kwa saa mbili.

Na kama kuna ujumbe wa mwanafunzi umeujibu bila kuusoma vizuri, rudi kausome sasa hivi.