Mkutano Tuliomnyima Konseye Makofi

Mimi injini sikufundishwa na mtu. Shule niliiacha darasa la tatu, na gereji yangu ya Gikondo niliisimamisha kwa mikono hii. Njia yangu ilikuwa moja: natoa kifaa kimoja, nawasha, nasikiliza gari litalalamikaje.

Vyama vingi vilipoanza, vijana wenye kofia za kila rangi walikuja gereji kuomba mchango. Niliwafukuza. Pesa ya kofia sina, ila siasa yenyewe nilitaka kujua inavyozunguka kwa ndani.

Shida yetu mtaani ilikuwa robine, lile bomba la maji la watu wote. Lilikuwa limefungwa tangu mvua zikatike, na wake zetu walipanda kutoka bondeni na mabidoni, madumu ya maji, kichwani. Kila mkutano konseye wetu, kiongozi wa mtaa, alisema litatengenezwa, tukapiga makofi, tukarudi nyumbani na kiu.

Makofi! Hicho ndicho kifaa nilichokiona mimi, wenye diploma hawakukiona. Tulizoeshwa miaka mingi: kiongozi akivuta pumzi tu, makofi, na asiyepiga alitazamwa vibaya. Je, yakitolewa? Nikapita nyumba kwa nyumba: "Safari hii mikono mifukoni mpaka atujibu."

"Na sisi tusio na mifuko?" mke wangu akauliza.

"Shikeni watoto."

Siku ikafika. Konseye akasema bomba limepasuka, akangoja. Kimya. Akakohoa.

"Yaani, lilipasuka kidogo."

Kimya. Fundi wangu mmoja alianza kuinua mikono, nikamkanyaga mguu. Nilikuwa nimetega sikio kama nasikiliza silinda.

"Kwa kweli limeshatengenezwa," konseye akasema, anajifuta jasho. "Ila ufunguo... ufunguo ninao mimi. Tunangoja mgeni mkubwa aje alifungue rasmi."

Mama mmoja muuza mkaa, jirani yangu, akasimama. "Mzee, huyo mgeni huko kwake haogi? Basi mwache asubiri. Sisi tupe ufunguo."

Watu walicheka mpaka konseye naye akacheka, kicheko cha mtu aliyebanwa mlangoni. Akautoa kwenye koti. Kumbe alikuwa anatembea nao!

Yule mama akaupokea, akaondoka nao. Wanawake wote wakamfuata, mabidoni yanagongana. Tukabaki wanaume na konseye wetu, amesimama pale hajui aweke wapi mikono.

"Niendelee?" akaniuliza taratibu.

"Endelea, mzee," nikamwambia. "Sasa tueleze habari ya barabara."