Gauni la Mama Mercy Lilivyoanguka Ukutani

Nawasimulia haya kwa sababu hata nikinyamaza mtayasikia kwa wengine, maana mtaani kwetu, pale Kawangware 56, bado kuna watu ambao wakiniona napita wanashika nguo zao kwa nguvu zisije zikawatoka, halafu wanacheka mpaka nipinde kona.

Nasomea kompyuta chuo kikuu, na muhula ule tulikuwa na somo la michoro ya kompyuta, lile la kuunda watu na vitu ndani ya mashine mpaka udhani vimepigwa picha. Mradi wangu ulikuwa mwanamke aliyevaa gauni. Msicheke, kazi ni ngumu: unaunda kwanza mwili (mtupu, laini, kama ile sanamu ya duka la nguo), halafu gauni unalitengeneza peke yake, unamvisha, kisha kompyuta inapiga hesabu usiku kucha kitambaa kitashika wapi na kitakunjika wapi. Mhadhiri alipoliona akasema, "Hii nguo inatembea vizuri," nami nikarudi nyumbani kichwa kimevimba.

Nyumbani ni kwa shangazi yangu Syombua, fundi wa nguo pale 56, ndiye aliyenitoa Kitui na ndiye anayenilisha. Siku hizo alikuwa hapati usingizi. Mercy wa kanisani kwetu alikuwa anaolewa, na kamati ya harusi ilikuwa bado haijaamua nguo zitashonwa na shangazi au na duka moja la mjini. Akipata kazi ile, cherehani zake zingelia mpaka Krismasi. Akiikosa, alishasema anafunga duka na kurudi Kitui. Basi mimi na ujuaji wangu nikamwambia, "Anti, wacha niwaonyeshe gauni lako kwa ukuta, likitembea."

Ili kunogesha mambo, nikaona gauni alivae mama wa bibi harusi mwenyewe. Mama Mercy ndiye mwenyekiti wa kamati, mama mnene na mkali, akikohoa kanisani watoto wananyamaza. Nikachukua uso wake kwenye picha yake ya WhatsApp nikaubandika juu ya ule mwili wangu wa mradi, na mwili sikuugusa, kwa uvivu tu.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Flashi yangu ilikuwa imejaa filamu. Ile folda yenye hesabu za kitambaa, zile zinazolishika gauni mwilini, ilikuwa kubwa, na ili iingie ningelazimika kufuta filamu ambazo sijamaliza kuona, kwa hivyo nikajiambia mchoro si upo, folda ni ya nini, nikaiacha nyumbani.

Jumapili baada ya ibada kamati ilikutana kwenye ukumbi wa kanisa letu, mchungaji na wazee wa kanisa wakiwepo. Nikachomeka flashi kwenye laptop ya katibu, iliyounganishwa na projekta ya kanisa, na Mama Mercy akatokea ukutani, mrefu kuliko mlango, ndani ya kitenge cha kijani. Watu wakapiga makofi. Mwenyewe, aliyeketi mbele kabisa, akatabasamu, na shangazi akanibana mkono kwa furaha. Nikabonyeza atembee.

Akapiga hatua. Gauni halikupiga. Lilibaki hewani kidogo, likateleza mabegani, likapita kifuani, likapita kiunoni (ndipo nilipogundua kiuno nilichompa ni kiuno cha nyigu), likaanguka miguuni, na Mama Mercy akaendelea kutembea kwa madaha, na lile tabasamu la WhatsApp, akielekea upande wa wazee wa kanisa.

Nilibonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Laptop ikaganda, kwa hivyo sasa alikuwa hatembei tena, amesimama tu. Mchungaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Shangazi, ambaye hajui kompyuta lakini aibu anaijua, akachomoa kitenge kwenye mkoba wa sampuli akakimbia kukitandaza mbele ya ukuta, lakini mwanga wa projekta haujali, yule mwanamke akahama ukutani akaja kukaa juu ya kitenge, na sasa alikuwa na mikono minne, miwili yake na miwili ya shangazi.

"Zimeni hiyo kitu," mchungaji akasema polepole, na katibu akachomoa waya.

Mama Mercy akachukua mkoba wake akatoka bila kumwangalia mtu, na kamati nzima ikamfuata.

Shangazi hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Jioni ile alikaa mbele ya cherehani bila kushona, nami nikafuta mradi wote huku nikitamani angalau anirushie kiatu.

Kesho yake Mama Mercy akaingia dukani. Nikajificha nyuma ya pazia la kupimia nguo.

"Huyo kijana wako ako wapi?" akauliza.

"Ako hapo nyuma ya pazia," shangazi akasema, bila hata kusita.

Nikatoka. Nilijua napelekwa kwa chifu.

"Ile picha bado uko nayo?"

"Nimefuta, mama. Haki ya Mungu, nimefuta yote."

"Umefuta," akasema, na nawaambia ukweli, mama wa watu alihuzunika. Akachungulia nje kama kuna mtu anasikiliza, kisha akamgeukia shangazi. "Mama, hiyo kazi ni yako. Nguo zote, hata za maids wa Mercy. Lakini yangu nataka nikae vile nilikuwa nakaa pale kwa ukuta." Akashika kiuno. "Hapa. Na isianguke."

Shangazi akampima, akamshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alikaa akiangalia vile vipimo, halafu akaniangalia mimi.

"Wewe ndio ulimpea hiyo kiuno," akasema. "Sasa kuja uniambie nitaitoa wapi."

Nimeapa sitamchora tena mtu yeyote ninayemjua. Mradi wa mwisho wa muhula nilichora meza, meza peke yake, bila hata kitambaa.