Nilivyozitayarisha Nyumba za Watu Ziuzwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo na kitambaa, nikaambiwa nifungue kila mlango wa nyumba moja kule Lewisville, Texas, nione upi unakwama. Nilidhani ni mzaha. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nimetoka Machakos majuzi tu, na kazi niliyoahidiwa ilikuwa ya kufanya usafi. Msimamizi wetu, mzee wa Texas aliyetafuna kijiti cha meno kutwa nzima, alinifuata mlango hadi mlango.

"Huu unakwama," nikamwambia tulipofika chumba cha nyuma.

"Kwa nini?"

"Labda mbao zimevimba."

"Mlango hauna neno. Nyumba ndiyo imesogea," akasema, akanitoa nje anionyeshe.

Udongo wa kule ni mfinyanzi. Mvua ikinyesha unafura, jua likiwaka unanywea na kupasuka, na msingi wa nyumba unapanda na kushuka nao. Ndiyo maana watu wa Texas humwagilia msingi wa nyumba kama sisi tunavyomwagilia sukumawiki, kwa mpira wenye matundu uliolazwa kando ya ukuta. Nilicheka sana siku hiyo. Baadaye nikawa mimi ndiye ninayewafundisha wageni, nao wakinicheka.

Msimu wetu ulianza Machi, baridi inapokwisha, kwa sababu wenye watoto walitaka kuhama shule zikifungwa. Tuliziba nyufa kwa puti, tukazisugua kwa msasa, tukapaka praima, yaani rangi ya chini ya kushikilia, halafu rangi ile msimamizi aliyoiita rangi isiyo na mwenyewe: si nyeupe, si kahawia, haimuudhi mtu. Adui yetu alikuwa mti wa mwaloni. Unaosha madirisha asubuhi yanang'aa, ukirudi kutoka kula chakula cha mchana yamejaa vumbi la maua yake, manjano kama bizari, unaanza upya.

Kutoka hapo nilihamishiwa Plano, ambako nyumba zilikuwa kubwa na wenyewe watu wa maofisini. Meneja wa huko alikuwa mama mmoja mwembamba, mpole, asiyesahau kitu. Yeye ndiye aliyenifundisha kupanga vyombo. Tulitoa karibu nusu ya samani tukaziweka stoo, ili vyumba vipumue. Tukimaliza, meneja alikuwa ananiambia, "Sasa kaa."

Nikae kwenye kochi, nikae ukingoni mwa kitanda, nikae hata juu ya kifuniko cha choo.

"Unaona nini?"

Ukikaa unaona mambo ambayo aliyesimama hayaoni: utando wa buibui chini ya meza, alama za viatu ukutani, bomba linalovuja chini ya sinki. Mnunuzi naye atachoka, atakaa. Nimekaa katika nyumba za watu wengi kuliko daktari wa mtaa.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia mume wangu alipata kazi Houston, nami nikaenda kufanya kazi chini ya ajenti wa nyumba, Mmarekani mwenye sauti kubwa na gari safi mno. Houston mnunuzi haulizi kwanza habari za msingi. Anauliza, "Maji yamewahi kuingia?" Na wewe unajibu ukweli, maana majirani watamwambia.

Nyumba ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa Alief, mtaa wa Houston, ya nesi mmoja, Mkenya mwenzetu, Achieng. Mume wake na watoto walikuwa wameshatangulia Fort Worth, yeye amebaki peke yake nyumba iuzwe. Niliipanga vizuri hadi mwenyewe akaogopa kuikalia. Hakupika samaki wala kitunguu tangu Machi. Alikula mkate amesimama nje, karibu na karakana. Wanunuzi walikuja, wakatazama, wakaenda zao. Mei ikaingia, na ajenti akasema shule zikifungwa kabla haijapata mtu, ataiondoa sokoni mpaka mwaka ujao.

"Mama Mwende," Achieng akaniambia, "nitakaa mwaka mzima bila kuwaona watoto wangu wakienda shule?"

Ajenti akapanga Jumapili moja ya mwisho, mchana, nyumba iachwe wazi mtu yeyote aingie kuitazama. Achieng akaomba kanisani aombewe. Katibu wa kanisa, mtu mwenye moyo mwema na haraka nyingi, akasimama kwenye matangazo akasema, "Leo baada ya ibada, nyumba ya Dada Achieng iko wazi. Nyote mnakaribishwa."

Kanisa zima likaja, na sufuria. Magari yalijaa barabara nzima. Kina mama waliingia na pilau, chapati, kuku na sombe, yaani kisamvu cha Wakongo, wakaenda moja kwa moja jikoni kwangu, kwenye kaunta niliyoipangusa tangu alfajiri. Wazee wakakalia makochi ya maonyesho. Ajenti alisimama mlangoni na vijitabu vyake mkononi, uso umemwiva.

"Hawa wote ni wanunuzi?" akaninong'oneza.

"Hawa ni wageni," nikamwambia. "Chukua sahani."

Alichukua. Ufanyeje?

Katikati ya vurumai hiyo akanifuata Baba Furaha, Mkongo kutoka Uvira aliyefanya kazi ghalani na kuishi na watoto wake katika fleti ndogo. Alikuwa amezunguka vyumba vyote polepole, amefungua na kufunga kila bomba.

"Mama, miye nataka kuuza iyi nyumba," akasema.

"Asante sana, baba," nikamjibu, "lakini tuna ajenti tayari."

Akaniangalia kidogo, akainamisha kichwa, akaondoka. Nikaendelea kukusanya vikombe.

Baadaye mke wake akaja kunisaidia kuosha vyombo. Hakuwa na furaha.

"Bwana yangu anasema mumemukatalia."

"Tumemkatalia nini?"

"Kuuza nyumba."

"Lakini mama, atauzaje nyumba ya mtu mwingine?"

Akaacha sahani majini, akaanza kucheka mpaka akashika sinki. "Kwetu kuuza ni kutoa franga, unabeba kitu kinakuwa chako. Ule mwenye kitu, ye ndiye anauzisha."

Nilitoka mbio na mikono yenye povu. Baba Furaha alikuwa ndani ya gari, injini inanguruma, watoto wamefungwa mikanda. Nikagonga dirisha.

"Uza, baba," nikamwambia. "Shuka uje uuze."

Benki ilichukua wiki zake kuamua mkopo wa Baba Furaha, na zote tulizipitisha tukiomba, lakini ilikubali. Shule zilipofunguliwa Agosti, Achieng alikuwa Fort Worth akiwasuka nywele mabinti zake asubuhi.

Niliacha kazi magoti yalipokataa ngazi. Nikitazama nyuma, kitu kimoja kilinishangaza katika kila nyumba, ya tajiri na ya maskini. Siku ya mwisho mwenye nyumba alisimama sebuleni, akatazama taa zinazowaka zote na mlango usiolia tena, akasema, "Kumbe ingependeza hivi, nisingehama." Miaka yote walivumilia bomba linalodondoka, wakalitengeneza wiki ya kumwachia mgeni.

Kwa hiyo mwaka jana, miti ilipochipua, nilimwita fundi nyumbani kwangu. Nikataka jiko lipakwe rangi ya machungwa yaliyoiva, rangi ambayo bosi wangu yeyote asingeiruhusu. Jirani akaona ndoo za rangi barazani, akaja hadi uani.

"Unauza?" akaniuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Naishi hapa."