Byron Amechelewa Tu

Mwalimu Filister alifundisha Kiingereza katika sekondari moja upande wa Ndhiwa, Homa Bay. Jumapili baada ya misa alitufundisha sisi wanawake wa jumuiya, wengi wetu tulioishia shule ya msingi. Alisema hataki tusomewe karatasi za hospitali na watu wa kando. Alikuwa mjane, na Mungu alimpa mtoto mmoja tu, Byron.

Masomo yake yalikuwa matamu. Hadithi, alisema, ni yako: ukitaka sungura apone, anapona. Lakini ukiandika maisha ya mtu, unaishia pale Mungu alipoishia, hata kama hupendi. Shairi nalo ni la mambo ambayo mdomo unashindwa nayo.

Siku moja Emmah, muuza omena, dagaa wa ziwani, alisimama kujieleza. "My father is late."

"Amechelewa wapi?" Mwalimu akamuuliza.

"Woi, Mwalimu! Si alikufa zamani."

"Basi wewe umesema amechelewa. Nenda nyumbani umfunikie chakula."

Tulicheka mpaka katekista akachungulia dirishani. Mwalimu akaandika ubaoni, akatuambia: "Late ikikaa mbele ya jina, the late Ogweno, huyo ni marehemu. Ikikaa nyuma ya is, huyo yuko njiani, anakuja. Neno ni lile lile. Angalieni limekaa wapi."

"Lakini kila mtu husema hivyo," Emmah akabisha. "Hata chifu."

"Chifu naye aje darasani."

Byron alipomaliza shule alienda Masara, kule Migori, kuchimba dhahabu na vijana wenzake. Mvua za Aprili zikashuka na shimo likaporomoka. Wengine walitolewa, wazima na wafu. Byron hakuonekana. Shimo lilijaa maji na udongo, mwishowe likafungwa. Ila kijana mmoja aliapa kwamba asubuhi ile alimwona akipanda boda kwenda Kehancha. Neno hilo moja ndilo Mwalimu, aliyekwenda kumtafuta, alirudi nalo nyumbani.

Tulipoenda kumwombea, alitukaribisha vizuri akasema, "Byron is late." Tuliinamisha vichwa. Tukasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Shuleni alisema hivyo hivyo, na hata kwa shemeji yake Jacktone, bila chozi. Watu wakasifu imani yake. Mimi pia nilimshukuru Mungu kwa kumpa nguvu.

Basi Jacktone, kama mkubwa wa boma, akapanga mazishi bila kumsumbua Mwalimu. Kwetu, mtu ambaye mwili wake umepotea huzikiwa yago. Ni tunda la mti, refu, zito kama mkono wa mtu mzima. Linavishwa sanda na kulazwa kaburini badala ya mwili, ili aliyepotea apate kupumzika kwao. Wazee walilileta Jumamosi asubuhi ndani ya shuka nyeupe. Mimi na Emmah tulikuwa tumekuja kupika.

Mwalimu akatoka mlangoni. "Hilo ni la nani?"

"La Byron, shemeji."

"Byron ana nini?"

Jacktone alitutazama sisi, kisha akamrudia. "Si wewe mwenyewe ulituambia? He is late. Kijiji kizima umekiambia."

"Nilisema amechelewa, Jacktone. Amechelewa tu."

Emmah akaingia ndani kutafuta mwiko, na mezani akaona sahani imefunikwa kwa sahani nyingine. Alifunua: ugali na kipande cha samaki, baridi. Akatoka ameshika mdomo.

"Mwalimu, umekuwa ukimfunikia?"

"Kila jioni. Kukipambazuka nampa mbwa."

Hakuna aliyecheka. Jacktone alivua kofia akaketi chini kwenye vumbi. "Nyar Kanyamwa," akamwita kwa ukoo wa kwao, "ukisema tungoje, narudisha yago msituni sasa hivi. Tutangoja na wewe."

Nikaona macho ya Mwalimu yakienda barabarani, yakirudi, yakienda tena. Emmah akamsogelea, akamshika mkono, akamuuliza polepole kama mtoto darasani: "Mwalimu, hii yetu ni hadithi, ama ni maisha ya mtu?"

Ee Mungu. Mwalimu aliomba kuona karatasi ambayo Jacktone alikuwa ameandaa isomwe kaburini. Ilianza, "Our son Byron is late." Akachukua kalamu. Akafuta is, akaizungushia late duara, akachora mshale kuirudisha, polepole, mpaka mbele ya jina la mtoto wake. The late Byron. Kisha kalamu ikamwanguka, na sauti ikamtoka, kilio kile chetu kinachosikika ng'ambo ya mto. Ndipo wazee wakaanza kuchimba.

Alasiri tulizika yago, katekista akaomba. Jioni hakukuwa na sahani iliyofunikwa. Mbwa alikuja mlangoni akangoja, akaondoka.

Masomo yalisimama kwa muda. Jumapili aliyorudi, tulikaa tukimwangalia akifuta ubao uliokuwa safi tayari. Emmah akaingia mbio kutoka sokoni, jasho likimtiririka. "Sorry, Mwalimu, I am l—" Akajishika mdomo.

Mwalimu alimtazama, mkono umeshika chaki.

"Wewe umefika, Emmah," akasema. "Keti."