Mjomba Alipokuja Kumpeleleza Mshairi Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Idara alinikabidhi mshairi mmoja Mwingereza, marehemu wa karne nne, akanionya: "Wanafunzi wakisinzia, wape mashairi ya kifo. Huamka." Nilimshuku. Katika vyuo vya Maryland, mtu akikupa kazi kwa furaha, soma mkataba. Nikausoma: muhula mmoja tu, kisha tutaonana.

Kazi yenyewe ilikuwa kufafanua mashairi ya kimetafizikia, yaani yale ambamo mtu humtongoza mpenzi wake kama wakili anayejenga kesi, halafu uzeeni humwomba Mungu kwa hila zilezile.

Jaribu kuwaeleza wakwe. Nilipopeleka posa kwa kina Neema, muuguzi wa Kitanzania, mjomba wake, Mzee Elia, msimamizi wa ghala huko Landover, hakuamini kwamba kuna Mkenya anayelipwa kumsoma marehemu. Kwao, mchumba huchunguzwa kabla posa haijajibiwa. Akaja darasani mwenyewe, na jaketi lake la kazini, akaketi nyuma.

Kwa mkosi wangu, somo la siku hiyo lilikuwa maisha ya mshairi: alivyomwoa kwa siri binti wa watu, baba mtu akamtia jela, kazi ikaota mbawa.

Mzee Elia akanyoosha mkono. "Mwalimu, alipotoka jela, alimlisha nini yule binti?"

Niliiona posa yangu ikielekea mlangoni. Lakini wanafunzi walikuwa na kitabu mbele yao; nisingeweza kudanganya.

"Waliishi kwa hisani ya jamaa, mzee. Miaka. Na watoto wakaongezeka."

"Yeye akifanya nini?"

"Akiandika."

"Ehee."

Tulipofika kwenye maegesho, nilianza, "Mjomba, mimi si yeye..."

"Nyie Wakenya mna maneno! Yule mtu wako simwamini. Na wewe sikuamini. Neema utamwoa, maana amekataa kusikia la mtu. Ila Jumamosi uripoti ghalani. Mwanangu hataishi kwa hisani ya jamaa."

Nikaripoti. Jumamosi zikawa miaka, mkataba wangu wa chuo ukihuishwa muhula kwa muhula: katikati ya wiki nafafanua roho, wikendi napanga maboksi. Chuo kilipofuta kozi yangu, Mkuu wa Idara mpya alinistaafisha kwa barua pepe. Ghalani ndiko walikonifanyia sherehe ya kustaafu, Mzee Elia akakata keki huku akinitazama kama mtu anayesubiri hitilafu.

Siku hizi Neema huwaambia wageni kwamba ndoa yetu imesimama juu ya ushairi. Mimi nashuku ni maboksi. Sijamwambia.