Siku Bokilo Alinikuta Ndani ya Beseni

Bon, muniache nisimulie mwenyewe, juu majirani walishaeneza hii habari na wakaongeza chumvi, na haya niko nayo mpaka leo.

Nilikuwa naona damu kwa choo. Bibi yangu Clarisse, mama ya watoto wangu, akaniambia niende kwa docteur, mimi nikakatala, juu nilisikia docteur anavaa gant kwa mukono na anaingiza kidole pale (mimi, baba ya watoto!). Nikauliza tonton Kasongo, ndugu ya papa, naye akasema hiyo iko hémorroïdes tu, bawasiri, nichukue ile poire ya mupira, niweke maji ya pilipili, nijipige lavement, ni kusema niingize ile maji kwa nyuma, itaisha. Donc nikakimbia kidole, nikachagua pilipili. Akili ya mutu muzima hiyo.

Nilifanya vile asubuhi ya siku bokilo, mama ya Clarisse, alikuwa anafika toka Ubundu. Munajua heshima ya bokilo: hata shati haufungui mbele yake. Basi tumeketi kwa meza, makemba na samaki, bokilo anaombea chakula, sala murefu, na moto ikaanza kupanda. Nikageuka huku, nikageuka kule, jasho inatiririka, yeye akafikiri nimeguswa na Roho, akaongeza sala. Alipofika kwa kuombea wagonjwa nilishindwa, nikatoka mbio mpaka nyuma ya nyumba, nikavua suruali, nikajitupa ndani ya beseni ya maji baridi yenye Clarisse alilowesha nguo. Utamu wake siwezi kuwaeleza. Nikafunga macho. Kufungua, bokilo amesimama mbele yangu, na nyuma yake majirani, juu alipiga kelele kwamba mukwe wake anakufa.

Kusimama siwezi, kubaki ni aibu. Nikasema yote palepale, damu, tonton, pilipili. Majirani walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bokilo hakucheka. Alinitupia liputa yake nijifunike, akafukuza watu, akanipa mugongo, akasema pole pole:

“Mwanangu, damu yako iko ya tangu lini? Juu ile damu yangu mimi iko ya tangu majira ya mvua yenye ilipita, na sijaambia mutu.”

Kesho yake tukaenda hospitali sisi wote wawili. Kile kidole kilimaliza kazi kabla sijamaliza kuona haya. Mimi, hémorroïdes kweli (tonton anajisifu mpaka leo, lakini pilipili kwangu sasa inapita mudomoni tu). Docteur akatueleza kwamba damu ni damu, kwa macho hakuna mwenye kutofautisha, lazima mutu apimwe. Kwa bokilo alikata kanyama kadogo, kakapelekwa kupimwa, na jibu ikarudi: kansa ya rectum, pale utumbo unaishia. Clarisse alilia, na mimi nililia, siwafichi. Lakini ilikuwa bado ndogo. Wakamupasua, na leo ananenepa.

Shida yangu sasa ni kwamba bokilo anasimulia huu mukasa kwa bamama wa kanisa, na jina yangu ndani. Nilimuomba aache.

“Mukwe,” akaniambia, “aibu yako iliniponya. Uniachie niitumie.”

Alors namuachia, juu kila mara akimaliza, kuko mama moja anabaki nyuma ya wengine, anamuuliza kwa sauti ya chini docteur anapokea watu siku gani.