Nyayo za Nirupoma

Kwa miaka thelathini, kila maji makubwa ya mwezi mpevu yalipopungua, Shangazi Nirupoma alitembea pekupeku juu ya tuta letu la kuzuia mto. Macho hakuyaamini. Nyayo zake zikihisi ubaridi wa maji yanayopenya, aliinama, akachokoa tundu la kaa na kulishindilia udongo wa mfinyanzi uliokandwa na majani ya mpunga, huku akiwaita kaa hao kwa majina ya mawifi zake. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa mjane mwenye mdomo, na alitukera sana.

Mwaka huu mto ulilila tuta kwa chini. Ikabidi tujenge jingine nyuma yake, na kitakachobaki kati ya tuta la zamani na jipya huachiwa mto. Desturi ni kwamba anayelijua tuta hutangulia, na vigingi hupigwa pale alipokanyaga. Wote tukamgeukia Nirupoma. Nyumba iliyokuwa karibu zaidi na maji ilikuwa yake.

"Shemeji, pitia mbele ya nyumba yako, upande wa mto," Gobindo, mdogo wa marehemu mumewe, alimwambia. "Nani atakulaumu?"

"Wewe, maji yakikufika shingoni."

Lakini akapita mbele. Vigingi vitano vikapigwa. Nilijua pale ni mchanga mtupu usiozuia maji, na mpunga wangu uko nyuma. Maji ya chumvi yanayopanda mtoni kutoka baharini yakiingia shambani, huvuni miaka mitatu. Ningemwambia nini mtu aliyenilindia shamba tangu nioe?

Kabla ya kigingi cha sita akasimama, akasugua unyayo chini.

"Mchanga," akasema. "Ng'oeni."

"Vyote, Shangazi?" nikauliza.

"Unataka nikuandikie barua? Vyote!"

Akazunguka nyuma ya nyumba, kwenye udongo mzito, akikanyaga maboga yake mwenyewe. Kisha akaingia jikoni, akachimbua sakafu aliyoishindilia mumewe, akajaza kikapu na kukimwaga penye kigingi cha kwanza cha mstari mpya. Niliona aibu hadi nikashindwa kumtazama.

Siku hizi anaishi kwangu, na kwa kukosolewa naye, mke wangu hana raha na sufuria zake mwenyewe.

Mvua zilipokolea mto ukafurika. Tulisimama juu ya tuta jipya tukiyatazama maji yakiingia jikoni kwake. Yeye alikuwa ameyapa mgongo, anatembea pekupeku, polepole, akitafuta matundu ya kaa.